Jiwe Huja Mwisho: Jinsi ya Kujenga Kumbukumbu ya Kuwaenzi Manusura wa Shule za Bweni za Kanada

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, "shule ya bweni" ni neno lenye heshima. Mzazi hujibana, huuza ng'ombe au hukopa chama, ili mwanawe apate nafasi bwenini, na likizo ikifika mtoto hurudi nyumbani na sanduku lake. Shule za bweni walizopelekwa watoto wa watu wa asili wa Kanada zinaitwa kwa jina hilohilo, lakini hazikufanana nazo kwa lolote. Mtoto aliondolewa kwa wazazi wake ili asifanane nao tena. Alinyolewa nywele, akapewa jina jipya na mara nyingi namba, akaadhibiwa akisikika anazungumza lugha ya mama yake. Mwaka 1920 sheria iliipa serikali uwezo wa kumlazimisha mzazi kumtoa mtoto. Shule hizi zilianza miaka ya 1830, pale Mohawk Institute mjini Brantford, na ya mwisho kufungwa, Kivalliq Hall kule Rankin Inlet, ilifungwa 1997. Zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, makundi matatu ya watu wa asili, walipitia humo. Serikali ya shirikisho ndiyo iliyolipa, na makanisa, hasa Katoliki, Anglikana, Muungano na Presbiteri, ndiyo yaliyoendesha.

Wengi waliopita huko bado wako hai. Jambo hilo linabadilisha kila kitu kuhusu mnara wa kumbukumbu. Mnara wa vita hujengwa kwa ajili ya watu wasioweza kuuona. Huu unajengwa kwa ajili ya mzee atakayekuja kwa basi, akiwa na mkongojo, ausome na kusema kama maneno yaliyochongwa pale ni ya kweli au si ya kweli.

Msukumo rasmi ulitoka kwa Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2015, tangu 2009 ikiwa chini ya Murray Sinclair, Marie Wilson na Wilton Littlechild. Tume hiyo haikuundwa kwa hisani ya serikali. Ilizaliwa na mapatano ya kumaliza kesi ambazo manusura wenyewe walizifungua. Kati ya miito yake 94 ya kuchukua hatua, wa 81 unaitaka serikali ya shirikisho, ikishirikiana na manusura, ijenge mnara wa kitaifa mjini Ottawa, mahali panapofikika na kuonekana na watu wote. Wa 82 unataka mnara kama huo katika mji mkuu wa kila jimbo na kila eneo la utawala lisilo jimbo. Fedha za mnara wa Ottawa, dola milioni 20, zilitangazwa 2021, na eneo lake, upande wa magharibi wa kilima cha Bunge, lilijulikana 2023. Ilikuwa miaka minane tangu mwito utolewe, na hapo jiwe hata moja lilikuwa halijawekwa. Baadhi ya ucheleweshaji huo ni uzembe wa kawaida wa serikali. Sehemu kubwa, hata hivyo, ni kazi ambayo haiwezi kufanywa haraka, na makala haya yanaihusu kazi hiyo. Kumbukumbu nyingi zinazoharibika huharibika kwa sababu zilianza na mchoro wa jiwe. Mpangilio unaofaa ni watu kwanza, kisha maneno na majina, kisha ardhi, kisha matunzo. Jiwe huja mwisho.

Nani anaamua

Mjini, maswali ni mawili na mara nyingi huchanganywa. La kwanza: ardhi hii ni ya nani? La pili: manusura wanaoishi hapa ni akina nani? Mjini Toronto, kwa mfano, manusura wametoka mataifa mengi tofauti, na wengi walisoma mamia ya kilomita mbali na mji. Wenye ardhi wana haki ya kukaribisha na kuongoza itifaki. Manusura wana haki ya kusema nini kikumbukwe. Kamati ikiwaita wa kwanza ikawasahau wa pili, au kinyume chake, mgogoro utafika siku ya uzinduzi, mbele ya kamera.

Kamati ya watu 9 hadi 11 inatosha. Manusura wawe zaidi ya nusu, na wawe na mamlaka ya kukataa, si kushauri tu. Kikao kisihesabiwe kuwa kimetimia kama manusura ni wachache kuliko maafisa waliohudhuria. Watoto na wajukuu wa manusura wawemo pia, kwa kuwa ndio watakaobaki na kazi hii. Afisa wa mji au jimbo akae kama mtendaji: alete vibali, ramani na hesabu, lakini asiwe mwenyekiti. Wainuit na Wametis wapewe viti vyao. Kosa la mara kwa mara ni kumwalika mtu mmoja wa Mataifa ya Kwanza na kumfanya msemaji wa wote.

Mambo madogo ndiyo yanayoamua kama wazee watarudi kwenye kikao cha pili. Kwa mataifa mengi, mzee anapoombwa ushauri hupewa kwanza tumbaku, naye akiipokea amekubali ombi. Barua pepe haiwezi kuchukua nafasi hiyo. Lakini si mataifa yote yanayotumia tumbaku, kwa hiyo huulizwa mapema kwa mtu wa taifa husika. Posho, nauli ya mzee na ya anayemsindikiza, na chakula, vilipwe siku hiyohiyo mkononi. Ofisi inayomjazisha fomu mzee wa pensheni na kumlipa baada ya siku 60 imemwambia, bila kutamka, kwamba muda wake hauna thamani. Kikao kisizidi saa mbili. Kisifanyike kanisani wala katika jengo lililokuwa shule, isipokuwa manusura wenyewe wamelichagua. Na awepo mhudumu wa afya ya akili anayejulikana na jamii hiyo, kwani mazungumzo kuhusu rangi ya jiwe yanaweza kugeuka ghafla kuwa mazungumzo kuhusu bweni, usiku, na mtu aliyeingia.

Kwa maeneo yenye makaburi, mwito wa 76 umeweka kanuni zinazofaa kunukuliwa katika hati ya kwanza ya mradi: jamii iliyoathirika zaidi ndiyo inayoongoza, taarifa zitafutwe kwa manusura na wenye maarifa ya jadi, na itifaki zao ziheshimiwe kabla ya uchunguzi wowote wa kiufundi unaoweza kuligusa kaburi.

Maneno

Lugha zetu na Kiingereza zina hatari moja inayofanana: kauli ya kutendwa. "Watoto walichukuliwa." "Lugha zilipotea." Sentensi hizo ni sahihi kisarufi, lakini zinaficha mtendaji. Maandishi ya mnara yataje nani alichukua na kwa amri gani. "Serikali ya Kanada iliwachukua watoto na kuwakabidhi kwa makanisa" ni sentensi yenye mhusika. Kamati nyingi huipoteza katika rasimu ya tatu, mwanasheria wa mji anapopitia maandishi. Njia ya kuzuia hilo ni kukubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba mwanasheria anaweza kusahihisha ukweli ulio na kosa lakini hawezi kulainisha lugha.

Neno "manusura" nalo lina uzito wake. Mwathirika ni mtu aliyefanyiwa jambo. Manusura ni mtu aliyevuka. Wenyewe wamechagua la pili, na Kiswahili kinabahatika kuwa na neno hilo tayari. Wapo pia wasiopenda neno "shule" litumike peke yake, kwa sababu nusu ya siku ilikuwa kazi ya shamba, jikoni na kufua. Kamati iwaulize.

Mipaka ya nani anatajwa inahitaji uangalifu zaidi. Mapatano ya 2006 yalitambua shule 139. Kuandika "shule 139" kwenye jiwe kunawafuta watu wengi. Shule za Newfoundland na Labrador ziliachwa nje kwa hoja kwamba jimbo hilo lilijiunga na Kanada 1949 tu. Manusura wake hawakutajwa hata katika radhi iliyoombwa bungeni na Stephen Harper tarehe 11 Juni 2008, wakasubiri hadi Novemba 2017. Waliosoma shule za kutwa, ambao mateso yao yalikuwa yaleyale ila walilala kwao, walipata mapatano yao 2019. Kwa hiyo mnara wa mtaa uandike shule zilizowahusu watu wa mtaa huo, kwa majina yake, na uache nafasi.

Lugha za asili zipewe nafasi ya juu, si tafsiri ndogo chini ya Kiingereza na Kifaransa. Hapo ndipo fundi hukosea. Maandishi ya silabi ya Kikrii, kwa mfano, huweka nukta ya sauti ya *w* baada ya alama kwa Wakrii wa magharibi, na kabla ya alama kwa wa mashariki. Nukta ya juu huonyesha irabu ndefu. Nukta moja ikidondoka neno limebadilika. Programu ya mchongaji ikikosa fonti inayofaa huweka kisanduku kitupu au alama inayofanana tu. Usikubali kuthibitisha maandishi kwenye skrini. Chapa kwa ukubwa halisi kwenye karatasi, ubandike ukutani, na wasomaji wawili wa lugha hiyo, wa lahaja ya eneo hilo, wasome kwa sauti herufi kwa herufi na kutia saini. Baada ya fundi kuchora juu ya jiwe na kabla hajachonga, wasome tena.

Majina

Hii ndiyo sehemu inayokula muda kuliko zote, na ndiyo inayostahili.

Kumbukumbu za shule ziliandikwa kwa ajili ya fedha. Serikali ililipa kwa kila kichwa, kwa hiyo kila robo mwaka mkuu wa shule alipeleka orodha: jina, namba, siku alizohudhuria mtoto. Orodha hizo ni hazina, lakini zina mashimo. Mtoto aliyeugua kifua kikuu aliweza kuandikwa kuwa "ameruhusiwa", akafia nyumbani au hospitalini, na kifo chake kisihesabiwe kwa shule. Kisha, kati ya 1936 na 1944, faili takriban 200,000 za idara iliyosimamia mambo ya watu wa asili ziliharibiwa. Tume ilipohesabu mwaka 2015 ilipata vifo 3,200, na katika karibu theluthi moja ya vifo hivyo jina la mtoto halikuandikwa. Katika karibu nusu, sababu ya kifo haikuandikwa. Tangu hapo Kituo cha Kitaifa cha Ukweli na Maridhiano, kilichopo Chuo Kikuu cha Manitoba, kimeendelea kuongeza, na rejesta yake sasa ina majina zaidi ya 4,100. Tarehe 30 Septemba 2019 kituo hicho kilifunua kitambaa chekundu chenye urefu wa mita 50, kikiwa na majina 2,800. Kuchagua kitambaa kulikuwa uamuzi wa busara. Kitambaa kinabebeka, kinakunjwa kwa heshima, na kinaweza kurefushwa.

Kwa mradi wa mtaa, fungua jedwali lenye safu angalau saba: jina kama lilivyo katika rejesta, jina la nyumbani, taifa na kijiji, shule, mwaka wa kuingia, mwaka na mahali pa kifo kama unajulikana, na chanzo cha kila taarifa. Mtoto mmoja huonekana mara tatu kwa tahajia tatu, na watoto wawili wenye jina moja la ubatizo huunganishwa kimakosa kuwa mmoja. Ndiyo sababu watu wawili wasome hati kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Baadaye orodha ipelekwe kwa familia, mkononi, kupitia ofisi za mataifa yao, na wapewe walau miezi sita. Isitangazwe mtandaoni kwanza. Hakuna ndugu anayepaswa kujua kwa kupitia simu kwamba shangazi aliyeambiwa alitoroka alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa.

Familia nyingine zitasema hapana. Jina liondolewe bila kuuliza sababu.

Majina ya waliofariki na ya walio hai yafuate kanuni mbili tofauti. Jina la manusura aliye hai halichongwi bila ridhaa yake iliyoandikwa, na aambiwe wazi kwamba jiwe halifutiki. Ushuhuda nao haupatikani kwa kubisha hodi kwenye jalada lolote. Madai zaidi ya 38,000 ya unyanyasaji yaliyosikilizwa chini ya mapatano yalitolewa kwa siri, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017 kwamba hati hizo zihifadhiwe miaka 15 kisha ziharibiwe, isipokuwa manusura mwenyewe aamue kinyume. Mtafiti wa mnara hana haki nazo. Asiyetaka kusimulia tena ameshasimulia.

Kuhusu namba walizopewa watoto, wabunifu huvutiwa nazo kwa sababu zinaonekana kwa ukali kwenye chuma. Baadhi ya manusura huona ni kama kuvikwa namba hizo upya. Usizitumie bila wao kuliomba jambo hilo wenyewe.

Idadi isiyothibitishwa isichongwe

Mwezi Mei 2021 taifa la Tk'emlúps te Secwépemc lilitangaza kwamba rada ya kupenya ardhi imeonyesha mahali takriban 215 panapoweza kuwa makaburi, karibu na iliyokuwa shule ya Kamloops. Nchi nzima iliamka. Viatu vya watoto vikapangwa kwenye ngazi za mabunge, namba 215 ikachorwa kwenye fulana, ukutani, na kwenye mawe. Julai mwaka huohuo mtaalamu aliyefanya kazi hiyo alirekebisha idadi hadi 200. Hakuna udanganyifu uliotokea. Rada haioni mifupa. Hutuma mawimbi ardhini na kuonyesha pale udongo ulipochimbwa na kurudishwa. Mizizi, mawe, mifereji ya zamani na mashimo ya utafiti wa awali huweza kutoa picha ya aina hiyo. Udongo wa mfinyanzi uliolowa humeza mawimbi kabla hayajafika kina cha kaburi. Ndiyo maana wataalamu makini husema "mahali panapoweza kuwa kaburi", na hupima kwa mistari iliyokaribiana, nusu mita au chini ya hapo, baada ya kusikiliza wazee na kusoma ramani za kale.

Anayechonga idadi ya namna hiyo kwenye jiwe huwapa wakanushaji silaha siku idadi inapobadilika. Wakanushaji wapo, na kazi yao ni kuchukua tofauti ya 15 na kuitumia kuwafuta maelfu ambao majina yao yamo katika rejesta za serikali yenyewe. Jiwe libebe yale yaliyothibitishwa kwa hati na kwa ushuhuda. Matokeo ya rada yawekwe kwenye kibao kinachoweza kubadilishwa, yakiwa na tarehe.

Mahali na umbo

Jengo la shule lenyewe libaki au libomolewe? Majibu yaliyotolewa ni tofauti, na kila moja lilikuwa sahihi kwa waliolitoa. Alert Bay, shule ya St. Michael ilibomolewa Februari 2015, manusura wakishuhudia, baadhi wakiitupia mawe. Brantford, manusura walichagua kulihifadhi jengo la Mohawk Institute kama ushahidi. Karibu na Cranbrook, taifa la Ktunaxa liligeuza shule kuwa hoteli yao wenyewe. Kabla ya kuamua, jamii ijue gharama: jengo kuukuu lina asbestosi na rangi ya risasi, na kulibakiza ni mzigo wa kila mwaka.

Umbo halina lazima ya kuwa mnara. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, mchongaji wa Kihaida James Hart alisimamisha Aprili 2017 nguzo ya mwerezi mwekundu yenye urefu wa takriban mita 17. Chini ni maisha kabla ya shule, katikati ni shule yenyewe, juu ni maisha yanayoendelea. Maelfu ya misumari ya shaba iliyopigwa juu yake ni watoto waliokufa, na waliopiga misumari hiyo walikuwemo manusura na familia zao. Katika uwanja wa Nathan Phillips, mbele ya ukumbi wa mji wa Toronto, Kituo cha Utamaduni cha Toronto Council Fire kiliongoza ujenzi wa bustani yenye sanamu ya kasa, banda la kufundishia, mtumbwi na inuksuk, alama ya mawe yaliyopangwa ya Wainuit, kila kundi likiwa na alama yake. Naye Carey Newman alikusanya vitu zaidi ya 800 kutoka shule na jamii mbalimbali, akavijenga kuwa blanketi la mbao lenye urefu wa mita 12. Mwaka 2019 yeye na jumba la makumbusho la haki za binadamu la Winnipeg walikubaliana, kwa hati na kwa sherehe, kwamba haki ni za blanketi lenyewe, na wao ni walezi wake tu. Mkataba huo ni wa kuigwa kuliko hata umbo la kazi yenyewe, kwa sababu unajibu swali ambalo miradi mingi huliacha: mwenye mali ni nani?

Popote patakapochaguliwa, angalia mambo yafuatayo kabla ya kuzungumzia uzuri. Kuna kituo cha basi ndani ya mita 200 au 300? Kuna choo? Kelele za barabara zinamruhusu mzee asikike bila kipaza sauti? Mataifa mengi hutaka mlango uelekee mashariki, kwa hiyo kiwanja chembamba kinachoelekea kaskazini kinaweza kuwa tatizo tangu mwanzo. Pawe na mahali pa moto mtakatifu na pa kufukiza seji, mwerezi na nyasi tamu. Kibali cha moto kiombwe kiwe cha kudumu. Si haki manusura waombe ruhusa ya idara ya zimamoto kila wanapotaka kusali.

Ujenzi wenyewe

Baridi ya Kanada ndiyo mpinzani mkubwa. Maji yakiganda ardhini huvimba na kuinua msingi. Ottawa, ardhi huhesabiwa kuganda hadi mita 1.5 au 1.8. Winnipeg huzidi mita 2, juu ya mfinyanzi unaovimba ukilowa, kwa hiyo huko nguzo za kuzamisha hutumika badala ya msingi wa kawaida. Kaskazini, ambako ardhi haiyeyuki, kanuni ni nyingine na inahitaji mhandisi wa huko. Msingi usiofika chini ya kina cha kuganda utapinda katika majira ya baridi ya kwanza au ya pili.

Kwa majina, granaiti laini ya rangi moja, iliyosuguliwa lakini isiyong'arishwa kama kioo, husomeka vizuri zaidi. Jiwe la Tyndall linalochimbwa Manitoba linapendwa kwa haki, maana limejaa visukuku vya viumbe wa bahari ya kale. Lakini lina madoa asilia yanayomeza herufi ndogo, na kwa kuwa ni jiwe la chokaa huliwa na chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu. Chuma cha kutu hupendeza kwenye picha, kisha hutiririsha kutu juu ya saruji ya chini yake. Shaba huibwa, kwa hiyo vibao vya shaba vifungwe kwa boliti zilizofichwa. Nguzo ya mwerezi isizikwe moja kwa moja ardhini. Huungwa mgongoni na chuma, kitako chake kikiwa kimeinuliwa kisiguse maji.

Majina yasichongwe kwenye bamba moja kubwa. Tumia vibao vingi vidogo, kila kimoja na safu yake ya majina, vinavyoweza kutolewa na kubadilishwa, na acha walau robo ya nafasi ikiwa tupu. Herufi za majina ziwe na kimo cha milimita 20 hadi 25, zikae kati ya sentimita 70 na 150 kutoka ardhini, ili mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu aguse jina la ndugu yake. Watu wataligusa, na wengine wataweka karatasi juu yake na kupaka kalamu. Wabunie nafasi hiyo.

Njia iwe na upana wa mita 1.8 ili watu wawili wapite wakiwa wameshikana. Mteremko wa 1 kwa 12 unakubalika kisheria katika sehemu nyingi, lakini kwa wazee 1 kwa 20 ndio unaofaa. Viti viwe na mgongo na mikono ya kushikia. Benchi la jiwe bila mgongo ni baridi, na mtu wa miaka 80 hawezi kunyanyuka pale. Mkataba wa usafi wa mji useme wazi kwamba theluji itaondolewa hadi kwenye majina, si hadi barabarani tu.

Fedha, viatu na siku ya uzinduzi

Bajeti inayotenga asilimia 90 kwa ujenzi imeshashindwa. Mgawanyo unaofaa kwa mradi wa mtaa ni takriban asilimia 20 kwa vikao, posho, tafsiri na utafiti wa majina, 55 kwa usanifu na ujenzi, 15 ya dharura, na 10 ya mfuko wa matunzo usioguswa kwa jambo jingine. Muda: usiahidi chini ya miezi 24. Mwanasiasa atataka tarehe 30 Septemba, siku ya kitaifa ya ukweli na maridhiano tangu 2021. Siku hiyo ilianza kama siku ya fulana ya machungwa, kutokana na simulizi ya Phyllis Webstad, aliyenyang'anywa fulana mpya aliyonunuliwa na bibi yake siku yake ya kwanza shuleni, akiwa na miaka sita. Wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Kanada wanaijua siku hiyo kupitia watoto wao, wanaoagizwa kuvaa rangi hiyo shuleni. Tarehe hiyo inafaa, ila iwe ya mwaka ambao kazi imekwisha.

Watu wataleta vitu: viatu, wanasesere, vifurushi vya tumbaku, utepe. Mjini Vancouver, viatu 215 vilivyowekwa kwenye ngazi za jumba la sanaa mwaka 2021 vilikaa zaidi ya mwaka mmoja, na kukatokea mvutano kuhusu nani ana mamlaka ya kuviondoa, kwa kuwa havikuanza kwa itifaki ya mataifa yenye ardhi ile. Kanuni iandikwe kabla: vitu vitakaa siku ngapi, nani atavikusanya, vipi vitachomwa kwa sherehe, vipi vitahifadhiwa. Mfanyakazi wa usafi apewe kanuni hiyo na namba ya kupiga. Kitu cha maombi kilichotupwa jalalani hakisahauliki.

Siku ya uzinduzi manusura waketi mbele, wazungumze kabla ya mawaziri, na hotuba za viongozi zisizidi dakika tatu kila moja. Pawe na hema tulivu pembeni, maji, chai, wahudumu wa afya, na namba ya simu ya kitaifa ya manusura, inayopokelewa saa 24, iwe imechapwa kwenye kadi. Katika mikutano ya Tume, karatasi ambazo watu walifutia machozi zilikusanywa na kuchomwa katika moto mtakatifu. Desturi hiyo ifuatwe kama wazee wa hapo wanaikubali, na mifuko ya karatasi iandaliwe mapema.

Baada ya theluji ya kwanza kuyeyuka, mhandisi na mjumbe mmoja wa kamati wapite pamoja kukagua nyufa, kutu, boliti na mteremko. Wiki hiyohiyo kamati ikutane kupokea majina yaliyoletwa wakati wa baridi, iyathibitishe kwa hati na kwa familia, na iagize kibao kipya ili kiwe ukutani kabla ya Septemba.